Ngoma Tatu Mezani kwa Bakari

Kitale,
Jumapili alasiri.

Dada yangu Nafula,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na shemeji Wanjala na wote walio chini ya paa lenu. Najua atakayekusomea barua hii ni mkaza mwanao Selina, kwa hiyo namsalimu naye kabla hajaanza. Selina mwanangu, kaa upande wa sikio lake zuri, soma polepole, na ukifika mahali ambapo unaona aibu kusoma, ujue mimi niliona aibu zaidi kuandika. Usiruke.

Macho yanaendeleaje, dada? Yale matone ya hospitali yamepunguza ukungu, au bado unamjua mtu kwa kikohozi chake? Na shemeji, ule mguu wake umekubali kiatu? Nimesikia kwamba upande wenu wa Mabanga watu wamepanda mahindi mara mbili kwa sababu mvua ya kwanza iliwadanganya. Ya huku haikudanganya mtu. Ilishuka siku ya kwanza na mpaka leo haijaomba ruhusa ya kupumzika.

Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kulia ambalo siku hizi linatabiri hali ya hewa kuliko redio. Bado niko katika chumba kile kile nyuma ya kinu cha unga. Kinu kikianza kusaga, ukuta hutetemeka na vitabu vyangu hushuka rafuni kimoja kimoja, kama wazee wanaoteremka ngazi. Juzi mwenye nyumba aliniuliza kama siwezi kuwauzia wapika maandazi wafungie. Nikamwambia baadhi ya vitabu hivyo vimekaa nami kuliko mke wangu marehemu, na yeye sikumfungia maandazi. Akaondoka akicheka, lakini najua atarudi.

Watu hapa bado huniita mwalimu wa wakimbizi. Watoto waliozaliwa mwaka tuliofukuzwa kule chini ya mlima wameota ndevu, nami bado ni mkimbizi. Wewe kila mara huniambia, "Kwani Kitale ni Ulaya? Mtu anatoka asubuhi, saa nne anakunywa chai kwangu." Ni kweli. Barabara haijawahi kuwa ndefu. Lakini mtu aliyekuwa na ekari na ng'ombe, akabaki na mfuko wa nailoni, huona haya kubisha hodi kwa dada yake aliyeolewa. Nyumba yako ndiyo nyumbani pekee nilipobakiwa napo, na mila zetu hazina jina la mwanamume ambaye nyumbani kwake ni kwa shemeji yake. Ndiyo maana hata Papa, baba yetu, tulipomzika huku, kwenye makaburi ya mji, wewe ndiye uliyenijia, na mimi sijakujia mpaka leo.

Sasa niache kuzunguka.

Unamjua Bakari kwa jina, yule muuza vitu vikuukuu karibu na msikiti. Baba yake alikuwa fundi cherehani hapo Bungoma mjini, kwa hiyo tunapokutana tunaitana mtu wa nyumbani. Hununua vyombo vya watu wanaohama, vya shule zinazotupa vya zamani, vya mashamba makubwa yanayogawanywa. Nilikuwa nimemchosha kwa hadithi ya ngoma ya Papa: ile ndogo ya nyaya, ambayo watu wa bendi huiita snea, aliyoipiga mbele ya bendi ya kanisa huko Mabanga enzi za ujana wake, kabla hajahamia chini ya mlima. Nilimsimulia jinsi Papa alivyoifunga kwa gunia siku ile tuliyokimbia, akaitundika kwenye dari ya jikoni, akasema tutarudi Jumapili. Na jinsi nyumba ilivyoporwa kabla ya Jumapili hiyo. Kila nilipoisimulia nilimalizia kwa kusema kwamba ilikuwa ngoma ya Uingereza, yenye shaba tupu. Hilo nililiamini, dada, maana nilipopata akili Papa alikuwa ameshaacha kuipiga, na sikuwahi kuitazama vizuri. Nataka ulisikie kwanza hilo.

Basi Bakari akaniita dukani. Nilikuta ameweka snea tatu juu ya meza, zimepanguswa vumbi.

"Mwalimu," akasema, "hizi zimeingia wiki moja. Moja imetoka shuleni, moja kwa mzungu aliyehama, moja imetoka upande wa mlima pamoja na vitanda na masufuria. Vijana wangu wamezichanganya stoo, sasa hakuna anayejua ipi ilitoka wapi. Angalia. Kama ya mzee wako imo, beba uende nayo. Mali iliyoporwa mimi siuzi, hata kama niliinunua kwa jasho langu."

"Bakari, huo ni utu."

"Si utu, ni woga. Nitajibu nini siku ya kiyama? Lakini uwe na hakika."

"Yaani mimi nisiijue ngoma ya baba yangu?"

Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, kwa sababu dukani kulikuwa na watu. Mmoja alikuwa mama wa makamo aliyekaa juu ya gunia la nguo, anangoja kutengenezewa taa ya kanisa lao. Baadaye nilijua anaitwa Mama Rispa, na ametoka Tongaren. Siku ile kwangu alikuwa msikilizaji tu, na unanijua mimi nikipata msikilizaji.

Nikaanza kufundisha. Nikawaambia kwamba snea huhukumiwa kwa vitu vitatu: mti ndio unaoipa sauti, chuma ndicho kinachoishika sauti isikimbie, na nyaya zilizo chini ya tumbo ndizo zinazoifanya izungumze. Mengine ni rangi. Haya niliyasoma zamani katika kitabu cha ala za muziki, na sikuwa nimepata nafasi ya kuyatumia.

Ya kwanza ilikuwa nyekundu yenye kung'aa kama pipi. Niliigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, ikajibu kama boksi la viatu. Nikachungulia kwenye kitundu chake cha hewa, nikaona mbao nyembamba zilizogundishwa moja juu ya nyingine, mfano wa kurasa za kitabu kilicholoa, kisha zikavikwa plastiki kwa nje. Pete zake zilikuwa bati lililokunjwa. Ukikaza skrubu ya upande huu, upande wa pili unainuka. Kile kiwiko cha kubana na kulegeza nyaya kilikuwa kimevunjika ncha. "Hii ndiyo ya shule," nikasema. "Mpe mtoto siku ya michezo." Watu wakacheka. Kwa hiyo moja nilipata sawa.

Ya pili, dada, hata sasa nikiifikiria mkono wangu unaitamani. Mwili wake ulikuwa ubao mmoja uliopindwa kwa mvuke mpaka ncha zake zikakutana, na mahali zilipokutana huwezi kupaona, ila kupapasa kwa ukucha. Rangi yake ni ya asali ya kwanza. Ni mti wa mepo, mti wa nchi za baridi, wenye nyuzi zilizobanana na sauti isiyopotea njiani. Ndani una pete mbili nyembamba za mbao kuuzuia usikunjamane. Pete za nje, masikio ya kushikia skrubu, skrubu zenyewe, vyote ni shaba. Nilipokigusa kile kiwiko, nyaya zilipanda zikagusa ngozi bila kelele, kama mlango wa benki unavyofungwa. Niliipiga mara moja kwa kidole. Sauti ikatoka safi, fupi, imenyooka.

Ya tatu ilikuwa nyeusi kwa moshi. Mwili wake ulikuwa gogo la mukumari lililochongwa ndani kwa mkono, nene huku, jembamba kule, na upande mmoja umevimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Pete ya juu ilikuwa chuma kilichokatwa kwenye pipa. Badala ya masikio ilikuwa na kulabu za mhunzi, hakuna mbili zilizofanana. Nyaya zake zilikuwa waya wa breki ya baiskeli uliofumuliwa na kunyooshwa. Ngozi ya chini ilikuwa imechanika, na sehemu iliyobaki ilinuka panya.

"Na hii?" Bakari akauliza.

"Hii ni bidii," nikasema. "Mtu aliona snea kwa mbali, akaenda nyumbani akajaribu. Mukumari ni mti wa viti na majeneza. Thamani yake ni kuni za chai."

Yule mama juu ya gunia akasema, "Baba, kwani jeneza si hukaa miaka mingi?"

"Hukaa, mama, lakini halipigwi."

Watu wakacheka tena. Nilifurahi walivyocheka. Selina, soma hapo tena: nilifurahi.

Bakari alikuwa amechukua tochi anamulika ndani ya ile nyeusi, kupitia mahali ngozi ilipochanika. "Mwalimu, humu kuna herufi zimechomwa kwa msumari. R. W. Mzee wako si alikuwa W?"

"Wekesa, ndiyo. Lakini jina lake la ubatizo lilikuwa Lazaro. Lazaro huanza na L, Bakari. L ya limau. Hata mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Huyo R. W. atakuwa Reubeni, au Rajabu."

"Rajabu na W? Huyo ni Mwislamu wa wapi?"

"Basi Reubeni. Vyovyote, si baba yangu. Baba yangu hangegusa kitu kama hiki."

"Na hii ya shaba mbona haina herufi?"

"Mzee hakuwa mtu wa kuchorachora vitu vyake," nikasema. Sikujua kama ni kweli au si kweli. Ulimi ulikuwa umeshatangulia.

Bakari akanitazama, akaizungusha ile ya shaba mara moja, akanipa. Hakuomba chochote. Jamaa yake aliyekuwa akija Bungoma akakuletea, imefungwa kwa blanketi. Nami nikarudi chumbani nikakaa kama mtu aliyelipa deni la baba yake. Nilifikiri: sasa naweza hata kwenda kumwamkia dada. Ngoma imenitangulia, haitakuwa mikono mitupu.

Yaliyotokea kwako unayajua wewe, lakini niache niyaandike, ili ujue kwamba nami nayajua. Ulialika majirani, na wale wazee wawili waliosalia wa bendi ya Papa. Ulichinja kuku. Ulikaa mlangoni ukawekewa ngoma magotini, ukafungua blanketi mwenyewe kwa kupapasa. Jioni yake, wageni walipokwisha kwenda, ukanipigia simu.

"Simiyu, umenitumia ngoma ya nani?"

"Ya Papa, dada."

"Papa yupi?"

Nilicheka, nikidhani ni utani.

"Usicheke. Hii imenyooka kama mzungu. Ya Papa irikuwa na tumbo upande mmoja. Mimi niriibeba kichwani toka Mabanga mpaka Webuye bendi ikienda kucheza, wewe uko mgongoni kwa mama unarara. Kichwa changu kinaijua. Tumbo ririkaa hapa, juu ya sikio."

"Dada, lakini shaba..."

"Shaba gani? Shaba irikuwa ya tarumbeta ya jirani. Ya Papa irikuwa na chuma cha pipa. Na hizo nyaya arifumua breki ya baiskeri yake, mama akamgombeza, akaenda mwaka mzima anasimamisha baiskeri na miguu. Kwani hukuangaria ndani? Si aripiga muhuri na msumari?"

"Alipiga muhuri gani?"

"R ya Razalo. R na W. Wewe ni marimu wa namna gani?"

Dada, mimi nimefundisha Kiswahili mpaka nikastaafu. Nimewachapa watoto wa watu kwa sababu ya kusema kurara badala ya kulala. Nilipokuwa kijana nimetoka chuo cha ualimu, nilikuwa nikimsahihisha Papa mezani mbele ya wageni. Akisema, "Nipe ugari," mimi nasema, "Hakuna neno hilo." Alikuwa akinyamaza na kutafuna. Nilidhani ananyamaza kwa kujifunza. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu anayesema Razalo ataandika Razalo. Kwamba jina lake, alivyolitamka siku zote mbele ya Mungu na watu, lilianza na R. Nilishika tochi juu ya jina la baba yangu na kulikataa kwa kosa la tahajia.

Kisha Selina akachukua simu, akatoka nje, akaninong'oneza. Selina, usiogope kusoma hapa; dada hatakugombeza, au akikugombeza atakuwa ananigombeza mimi. Akaniambia kwamba wale wazee wawili waliipapasa ngoma wakatazamana, na mmoja akauliza, "Nafula, hii ndiyo yenyewe?" Nawe ukajibu, "Ndiyo yenyewe. Ndugu yangu ameitengeneza upya."

Wewe. Wewe ambaye hukuweza hata kumdanganya askari wa kodi mwaka ule, ukamwonyesha kuku aliyefichwa chini ya kapu. Ulisema uongo mbele ya watu waliokula chumvi yako, ili mdogo wako asionekane mjinga. Nimewahi kulala njaa, nimewahi kufukuzwa na watu wenye mishale, nimewahi kuomba chumba kwa mtu niliyemfundisha. Hakuna hata moja kati ya hayo lililoniinamisha kichwa kama sentensi hiyo yako.

Asubuhi nilikwenda kwa Bakari kabla hajafungua. Nilimngojea kwenye kizingiti. Nilimwambia yote, na jina nikalitamka kama Papa alivyolitamka. Alisikiliza akiwa ameshika kufuli.

"Mwalimu," akasema, "ile nilikupa kama mali ya baba yako. Sasa ni mali ya nani?"

"Ni yako. Niliichukua kwa neno la uongo."

"Hukujua ni uongo."

"Nilitaka iwe kweli. Nilitaka awe alikuwa na ile nzuri."

Akafungua mlango, akaniwekea kigoda. Hakunigombeza, angenigombeza ningepumua. Akasema tu kwamba ile nyeusi haipo. Yule mama wa gunia aliinunua siku ile ile, hata kabla sijafika mwisho wa barabara. Bakari alikuwa amemwambia anaweza kumpa ile nyekundu kwa bei hiyo hiyo, akajibu, "Mimi sitaki ya kuangalia. Nataka ya kupiga."

Kwa hiyo jana nilikwenda Tongaren. Kulipata kanisa hakukuwa kazi, kwa kuwa niliisikia ngoma kabla sijaliona. Walikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Mlio wake ulikuwa mzito na mkavu, kama mtu anayemimina mahindi makavu juu ya bati kutoka kimo cha kiuno. Ningependa kukuambia kwamba niliutambua. Sikuutambua. Nilisimama kwenye uzio nikiusikia kama mgeni yeyote, nikajua tu kwamba ni mzuri. Ile ya shaba isingeweza kuujaza uwanja ule.

Aliyekuwa akipiga ni Mama Rispa mwenyewe, amefunga kanga kiunoni, ngoma imening'inia kwa mkanda begani. Aliponiona akaacha kupiga.

"Mwalimu wa majeneza!" akasema. "Karibu."

Nilieleza haja yangu mbele ya kwaya nzima, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kusimama. Nilipomaliza, mzee wao wa kanisa, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu, aliniuliza, "Petero alimkana Bwana mara tatu. Wewe umemkana baba yako mara ngapi?"

"Mara moja."

"Basi bado una nafasi mbili."

Walicheka, na safari hii nilijua kicheko kinavyosikika kwa anayechekwa. Lakini Mama Rispa hakucheka sana. Alisema, "Mwalimu, siwezi kukuita mwongo, wewe ni mtu mzima. Lakini siku ile ulisema si yake kwa nguvu kuliko leo unavyosema ni yake. Nishike neno lipi?"

Nilimwomba anionyeshe herufi. Akaigeuza ngoma. Amekwisha kuwamba ngozi mpya ya mbuzi chini, imebana vizuri, na herufi zimefungwa ndani. Kuziona ni mpaka ngozi ichanwe, na hakuna mtu mwenye haki ya kuomba hilo kwa kitu alichokiita kuni za chai. Nikamwambia kwamba yupo mtu asiyehitaji herufi. Nikamwambia juu yako, na safari ya Webuye, na tumbo la ngoma lilivyokaa juu ya sikio.

Walinong'onezana na mzee wa kofia. Kisha Mama Rispa akasema, "Huyo dada aje. Aishike mwenyewe, aiweke kichwani. Akisema ni ya baba yake, ataondoka nayo, sisi tutarudi kupiga debe kama zamani. Lakini aje yeye. Si barua, si simu, na si wewe."

Nilimwambia kwamba Bakari yuko tayari kumpa ile ya shaba badala yake. Alikataa. "Ile nitaitunza tu," akasema, "sitaipiga."

Hivyo ndivyo mambo yalivyo. Ngoma ya Papa iko Tongaren, inapigwa vizuri na mtu anayeipenda, na neno langu haliwezi kuitoa pale. Neno lako linaweza. Sikuambii uitoe. Ukifika, ukaiweka kichwani, ukaona iko mikononi mwema ukasema ibaki, hilo ni lako, na mimi nitanyamaza. Ninachoomba ni uende uishike, kabla macho hayajafunga kabisa na kabla mimi sijapata sababu nyingine ya kukaa mbali.

Na kwa kuwa huwezi kwenda peke yako, na shemeji ana mguu, nitakuja kukuchukua. Nitakuja Jumamosi. Sina kitu cha kuleta, dada, hata sukari nusu kilo. Usichinje kuku. Lakini nakuomba uwaite wale majirani waliokula siku ile, na wale wazee wawili wa bendi, wakae. Nitawaambia mwenyewe kwamba hukuwadanganya wewe. Niliwadanganya mimi, na wewe ukanifunika. Kisha ile ya shaba tutaipitisha kwa Bakari, irudi mezani kwake.

Mpe salamu shemeji Wanjala, umwambie nimemruhusu kucheka mpaka mguu upone. Msalimie mwanao Masika, ambaye mimi ni khocha wake, mjomba wake wa damu, na sijawahi kumfanyia lolote linalofanywa na khocha. Msalimie yule binti yake mdogo anayeitwa kwa jina la mama yetu. Na jirani yako mwenye kisima, ambaye mumewe alikuwa na tarumbeta, mwambie nimekumbushwa shaba ilikuwa ya nani.

Neno moja lililobaki ni gumu kidogo. Tangu jioni ile simu yako imelia hapa mara nyingi. Nilikuwa naitazama inavyotambaa juu ya meza mpaka inanyamaza, kisha naigeuza uso chini. Leo nimeitia chaji kwenye kinu na kuiweka wazi mbele yangu. Ukiona nije, mwambie Selina anibipu mara moja tu, nami nitajua. Lakini ukipiga kabisa, nitapokea.

Mimi mdogo wako,
Simiyu